Jina Lililobaki Nachingwea

Swalehe aliacha shule kidato cha pili, na hakuwahi kumwomba mtu radhi kwa hilo. Nusu ya redio za Ruangwa zilikuwa zimepita mikononi mwake. Mwaka 2006 chama cha wakulima kilipompa kazi ya kompyuta, watu walicheka.

Kule Nachingwea kulikuwa na kompyuta kubwa, mashine ya diski nne iliyohifadhi kumbukumbu zote za chama: nani kapewa miche ipi ya mikorosho, shamba lake liko wapi, kuanzia Chinongwe mpaka Narung'ombe. Ukizihitaji, panda gari uzifuate. Swalehe akasema yeye ataingia humo akiwa amekaa Ruangwa, kwa kuandika amri tu kwenye skrini. Maneno yatapita kwenye waya wa simu ya mezani yakiwa yamefungwa, asiyasome mtu njiani.

"Sawa," alisema Dionisia, katibu wa chama. "Ukishindwa leo, kesho namwita fundi wa Dar aliyeifunga. Wewe urudi kwenye redio zako."

"Usichome vocha yako, mama. Hutamhitaji."

Modemu ikalia kama mbuzi aliyekabwa, kisha kimya. Skrini ikaleta alama ya utambulisho, jozi kumi na sita za herufi na namba, ikauliza: mashine hii unaiamini?

"Si ujibu ndiyo tuondoke?" akasema Saturnini, karani.

"Wewe mtu akipokea simu unamwaga siri zako kabla hujajua ni nani?"

Akampigia kwa simu ya mkononi Mzee Bonifasi, mtunza mashine wa Nachingwea. Fundi alikuwa amebandika alama ile kwenye karatasi ubavuni mwa mashine. Mzee akaisoma polepole, Swalehe akiifuata kwa kidole. Zote sawa. Akajibu ndiyo, akaandika swalehe, akaweka neno la siri alilopewa.

Mashine ikakataa. Mara ya pili ikakataa. Mara ya tatu Saturnini akakohoa kikohozi kisicho na mafua.

"Mzee, fundi aliniandikisha kwa jina gani?"

"Lako, mwanangu! Aliniuliza mimi nikamtajia. Si nakujua tangu unatambaa Likunja?"

Swalehe akaelewa kosa lilipo. Mzee huyu alihama Likunja kabla Swalehe hajaingia jandoni, na siku zote humwita "mwanangu" tu. Jina analolijua ni la utotoni, lile wavulana wanaloliacha porini wakatoka na jipya. Mmwera kama yeye, akishatoka jandoni, haitwi hilo tena. Ukimwita, umemtukana, na faini unalipa.

"Ni lile la—"

"Usilitaje!"

"Mama yangu! Nimekosa, mwanangu."

"Libadilishe basi. Siku hizi naitwa Swalehe."

"Mimi? Mimi najua kuiwasha na kuipangusa vumbi."

Swalehe akaitazama skrini, kubwa, mbele ya macho ya watu wawili. Akiliandika, watalisoma. Asipoliandika, kesho redio.

"Geukeni. Wote. Tazameni ukutani."

"Kwani unavua suruali?" akacheka Saturnini.

Dionisia alikuwa Mmwera, na alikuwa amesikia ya kutosha. "Geuka, Saturnini. Hili si la macho yako."

Swalehe akaandika. Jina lenyewe hata hapa halitajwi. Mashine ikafungua, na fundi alikuwa amempa mamlaka yote. Hakushangilia. Kwanza alitengeneza jina jipya, swalehe, akalipa mamlaka yaleyale. Akatoka, akaingia kwa hilo, na lile la zamani akalifuta lisibaki hata herufi.

"Haya, geukeni. Mnamtaka nani?"

"Hadija wa Chinongwe," akasema Dionisia.

Hadija akatokea, miche yake na shamba lake. Dionisia akasoma mstari hadi mstari, kisha akaitia simu yake mkobani. "Fundi wa Dar apumzike. Tunaye wetu."

Kesho yake gari la Nachingwea likashusha jogoo mwekundu kutoka kwa Mzee Bonifasi, miguu imefungwa, na karatasi shingoni: KWA SWALEHE. Swalehe akambana kwapani akaenda naye kwao, tena kwa njia ndefu, ile inayopita katikati ya soko, na karatasi ile hakuitoa.