Shemeji, Fuata Taa

Kidole kidogo cha mkono wa kushoto wa Fundi kilikuwa kinakwenda vizuri tu. Shida ilikuwa kurudi. Ukikituma kwenye uzi wa gita kinakwenda, kinabonyeza, halafu kinakaa hukohuko kama mgeni aliyeletewa soda. Fundi anakisubiri. Wimbo haumsubiri mtu.

Mchana Fundi alikuwa fundi kweli, wa madirisha ya alumini. Jioni alikuwa mpiga gita, na jina lilimfuata hadi kwenye bendi. Miezi minne nyuma, kwenye ghorofa ya tatu ya jengo moja jipya, fremu iliteleza ikambana vidole. Daktari alishona, akafunga, akamwambia ashukuru Mungu vimebaki vitano. Bendi yeye aliwaambia ni mchubuko. Ukumbi waliokuwa wanapigia ulikuwa umefungwa, kila mtu yuko kwake, basi uongo ukapata muda wa kunawiri.

Kwa nini adanganye? Kwa sababu ya Kamanda. Kamanda ndiye mwimbaji na ndiye mwenye bendi, mama mmoja mshonaji wa sare za shule, mwenye sauti ya kuamsha mtaa na jicho la kupima mtu bila futi. Miaka miwili nyuma mpiga tarumbeta wao aling'oka meno mawili ya mbele. Wiki hiyohiyo Kamanda alimpa pole, kisha akampa na barabara. Fundi aliyaona hayo kwa macho yake. Meno mawili tu! Sasa yeye na kidole?

Na kidole chenyewe ndicho kilichokuwa kinapiga mchele. Mchele ni kile kipande cha haraka kinachofungua wimbo wao mkubwa na kurudi kila baada ya ubeti: noti nyingi, ndogondogo, zinashuka kama mchele unaomwagwa kwenye sinia. Watu walikuwa wanasimama kwa ajili ya hicho tu. Mazoezi yalipoanza tena, Fundi alikipiga mara moja, kikatoka nusu.

"Nyuzi hizi mbovu," alisema.

"Basi nunua nyingine," alisema Kamanda. "Tumeitwa kusikilizwa kwenye ukumbi mpya, Jumamosi ya wiki ijayo. Wanatafuta bendi ya kudumu."

Fundi akaenda dukani. Hakwenda kwenye nyuzi.

Alikwenda kwenye kabati la kioo lenye pedali, vile vikasha vya chuma unavyovikanyaga kwa mguu kubadilisha sauti ya gita. Muuzaji, kijana mwenye tabasamu la mtu anayelipwa kwa kamisheni, alimwekea tatu za dilei, zile zinazoirudia sauti yako baada ya muda kidogo.

"Hii ya kwanza ni ya mtindo wa zamani, kaka. Tamu. Sikia."

Fundi alichomeka gita, akapiga. Sauti ilirudi, ikarudi tena, kila mara nzito na hafifu zaidi, kama mtu anayekuaga huku anashuka ngazi.

"Fumba macho," Fundi alimwambia muuzaji. "Nitapiga. Niambie vidole vyangu vimepiga noti ngapi."

Muuzaji alifumba. "Nne. Zilizobaki ni mwangwi."

"Haifai."

"Wengi wanaipenda kwa hilohilo, kaka, kwamba mwangwi unasikika ni mwangwi."

"Mimi sitaki usikike ni mwangwi."

Ya pili ilikuwa ya kidijitali, ina kioo kama simu na programu hamsini. Fundi alizungusha kitufe kimoja, gita likalia kama jini kwenye pipa. Akaizima kwa heshima. Ya tatu ilikuwa ya kidijitali pia, ila ya watu wazima: vitufe vitatu vya kuzungusha, swichi mbili za mguu, na taa moja nyekundu. Kitufe cha kwanza, sauti irudi baada ya muda gani. Cha pili, irudi mara ngapi. Cha tatu, irudi kwa nguvu kiasi gani. Swichi ya kushoto ya kuwasha na kuzima. Ya kulia ya kugonga: unaigonga mara mbili kwa mwendo wa wimbo, yenyewe inajipimia, na taa inawaka na kuzima kwenye mapigo.

Aliweka irudi mara moja tu, kwa nguvu ileile ya gita.

"Fumba tena."

Muuzaji alifumba, akakunja uso, akahesabu kwa vidole. "Nane."

"Nimepiga nne."

Muuzaji alifumbua macho, akaitazama pedali, akautazama na mkono wa kushoto wa Fundi, kovu na yote. "Kaka, unataka kumdanganya nani?"

"Mwanamke mmoja."

"Kwa mke hii haisaidii."

"Angekuwa mke ningelala. Ni kiongozi wa bendi."

Nyumbani aliifungia chumbani kama bibi harusi. Hesabu yake ilikuwa hivi: mchele wao unakwenda mapigo mia moja na ishirini kwa dakika, yaani kila pigo ni nusu sekunde. Akiiweka dilei kwenye robo tatu ya pigo, noti yake inarudi na kudondoka katikati ya zile mbili zinazofuata, pale ambapo kidole kilitakiwa kuwepo. Yeye anapiga nusu, mashine inapiga nusu. Sauti ikirudi safi, hakuna anayejua nani kapiga ipi. Kwa mashine ya kuhesabia mapigo ya kwenye simu, mchele ulimwagika kama zamani. Fundi alikaribia kulia, akajizuia kwa sababu dada yake alikuwa sebuleni.

Tatizo lilikuwa mume wa huyo dada. Shemeji ndiye mpiga ngoma wa bendi, na Shemeji hupiga ngoma kama mtu aliyekumbuka ameacha pasi imewaka nyumbani. Anaanza vizuri. Ubeti wa pili anachangamka. Ubeti wa tatu anakimbia. Zamani Fundi alikuwa anakimbia naye tu. Lakini pedali haichangamki. Ukishaiambia robo tatu ya nusu sekunde, ni hiyohiyo hata nyumba iungue.

Alhamisi, mazoezini, mchele wa kwanza ulitoka, mpaka mpiga besi, mtu wa maneno matatu kwa wiki, akasema, "Haya sasa." Mchele wa tatu noti zilianza kugongana. Kamanda aliinua mkono, wote wakanyamaza.

"Fundi. Mchele wako una mawe."

"Ni hizi..."

"Usiniambie nyuzi. Jumamosi saa nane mchana tunasikilizwa. Ukitoka na mawe tena, kiti chako kina mtu. Nimeshaongea naye. Anasubiri simu yangu tu."

Kwa hiyo Jumamosi, saa nane kasorobo, kwenye ngazi za nyuma za ule ukumbi, kati ya makreti ya chupa tupu, Fundi alimshika Shemeji shati.

"Shemeji, nina siri."

"Dada yako ana mimba?"

"Ningejuaje mimi kabla yako? Sikiliza." Akamwonyesha kidole. Kikaenda. Kikakaa. Kikarudi.

Shemeji alikitazama kama anayetazama mjusi ukutani. "Kwa hiyo wiki yote hii nusu ya mchele..."

"Ni mashine. Na mashine haikimbii. Wewe unakimbia."

"Mimi sikimbii."

"Shemeji."

"Nachangamka."

"Leo usichangamke. Nakuomba kwa jina la dada yangu. Nitaigeuza pedali ikutazame wewe. Ina taa nyekundu. Ikiwaka, piga. Isipowaka, usipige. Usinitazame mimi, usimtazame Kamanda. Fuata taa."

"Na ukumbi ukiungua?"

"Fuata taa."

Shemeji aliweka mkono kifuani. Hakuwa mtu wa kuapa hovyo, na ndiyo maana Fundi alipanda jukwaani amepumua. Aliiweka pedali sakafuni, akaigeuza mbele nyuma ili taa iangalie ngoma. Nyaya zikapishana kidogo, akazinyoosha. Akagonga mwendo kwa mkono, taratibu, mpaka taa ikakubali. Yote aliyafanya kwa uangalifu. Jambo moja tu halikumjia: pedali ikigeuka, swichi ya kushoto inakuwa ya kulia.

Ukumbi ulikuwa mtupu, meza zimepandishwa viti. Meneja alikaa katikati peke yake na bonge la funguo mbele yake. Hakusema karibu. Alisema, "Moja tu. Ndefu kidogo."

Kamanda aligeuka, akamtazama Fundi. Simu yake ilikuwa juu ya spika, kioo juu.

Shemeji aligonga vijiti mara nne, macho kwenye taa, na mchele ukamwagika. Safi. Bila jiwe hata moja. Meneja aliacha kuchezea funguo. Vidole vitatu vya Fundi vilikuwa vinafanya kazi, cha nne kimeinuliwa pembeni kama cha bibi anayekunywa chai. Ulipoisha, Kamanda akavuta pumzi aingie kwenye ubeti. Kwenye ubeti Fundi hupiga kodi, yaani nyuzi kadhaa kwa pamoja, na kodi zikirudiwa zinakuwa kelele, kwa hiyo lazima aizime pedali. Akainua mguu, akakanyaga pale mguu ulipozoea.

Haikuzima.

Kodi ya kwanza ikarudi juu ya kodi ya pili. Akakanyaga tena, kwa nguvu.

Haikuzima, lakini ilisikia. Mara mbili ameigonga, na kati ya kugonga kwa kwanza na kwa pili kulikuwa na karibu sekunde nzima ya hofu. Pedali ikapokea amri. Taa ikatulia. Ikawaka. Ikakaa. Ikawaka.

Na Shemeji, kwa mara ya kwanza tangu azaliwe, akatii.

Wimbo ulikanyaga breki. Mpiga besi alipitiliza noti mbili peke yake, akarudi nyuma kwa aibu. Kamanda alikuwa ametoa neno la kwanza la ubeti, akabaki nalo mdomoni, limekuwa refu kuliko alivyolikusudia. Aligeuza shingo. Fundi alimpungia Shemeji kichwa, kwa macho, kwa kidevu: kimbia! Changamka! Shemeji hakumtazama. Aliahidi. Alikuwa ameikazia macho ile taa kama paka kwenye shimo la panya.

Kamanda alifanya kitu kimoja tu anachoweza mtu aliyeimba miaka thelathini. Aliimba. Neno la pili akalivuta kama la kwanza, la tatu akaliweka chini taratibu, na maneno yaleyale ya kuchezea, ambayo watu walikuwa wanayaruka bila kuyasikia, yakaanza kusikika. Kumbe ulikuwa wimbo wa mtu aliyeachwa. Fundi ameupiga miaka kumi na miwili bila kujua.

Akatafuta swichi ya pili kwa ncha ya kiatu, akabonyeza. Mwangwi ukakatika. Kodi zikawa kodi.

Lakini ubeti una mwisho, na mwisho wake ni mchele. Mistari minne. Mitatu. Aiwashe tena? Mguu haukuwa tena na uhakika wowote. Akikosea safari hii, taa ingeweza kumpeleka Shemeji popote. Miwili. Akauangalia mkono wake wa kushoto. Kwa mwendo huu wa mzee anayevuka barabara, kati ya noti na noti palikuwa na nafasi. Si kubwa. Labda inatosha kidole kwenda na kurudi. Labda.

Mmoja.

Akakituma. Kikaenda. Akasubiri, na kikarudi, kikawahi kwa unywele. Akakituma tena. Noti zote, moja baada ya nyingine, zake mwenyewe, bila msaidizi. Katikati mara moja kilichelewa, noti ikaingia nyuma ya pigo, kama mtu anayesita kabla ya kusema jambo. Fundi aliisikia. Kamanda aliisikia; alikuwa ameshageuka mzima mzima, anatazama vidole. Hakuondoa macho hapo mpaka wimbo ukaisha.

Meneja aliinua funguo, akazishusha.

"Huo ni wimbo mmoja au nyimbo mbili?"

"Mmoja," alisema Kamanda.

"Mwanzo kama ule nimeshausikia wiki hii kwa bendi tatu. Wote mnakimbia, sijui mnakwenda wapi. Jumamosi za kucheza nina watu. Nataka bendi ya mchana, wageni wakiwa wanakula na kuongea. Mje na nyimbo kumi za hivyo, kama ulivyoisha. Jumatatu."

Akaondoka na funguo zake zikilia.

Hakuna aliyeshangilia, kwa sababu Kamanda alikuwa anashuka kuelekea kwenye gita.

"Lete mkono."

Fundi akatoa wa kulia.

"Ule mwingine."

Akautoa. Kamanda alishika kidole kidogo kwa vidole vyake vya kushonea, akakikunja, akakiachia. Kikakaa. Kikarudi.

"Tangu lini?"

"Ilikuwa ghorofa ya tatu, fremu..."

"Nimeuliza lini, sijauliza wapi."

"Miezi minne."

"Na hukuniambia."

"Yule wa tarumbeta aling'oka meno mawili tu ukamfukuza."

Kamanda aliinua uso. "Yule alikuwa anaiba nyaya zangu, Fundi. Tatu aliziuza. Ulitaka nimtangaze?"

Mpiga besi alikohoa. Kamanda akachukua simu juu ya spika, akabonyeza, akaiweka sikioni.

"Ee, ni mimi," Kamanda alisema. "Samahani nimekuweka. Kiti hakipo. Kina mtu." Akasikiliza. "Hapana, mwongo, lakini ni wetu."

Akakata. "Jumatatu uje saa nne kamili. Na hicho kidude uje nacho, unifundishe, nione kama kinaweza kunirudishia sauti mimi. Pumzi yenyewe mnayonikimbizia hamjui naitoa wapi."

Fundi alikaa juu ya spika. Nyuma yake, kwenye ngoma, Shemeji hakuwa amesogea. Vijiti juu, shingo mbele, jasho kwenye pua. Pedali ilikuwa imezimwa mwangwi, lakini taa yake bado inawaka, inazima, inawaka.

"Shemeji," alisema kwa sauti ya chini, bila kupepesa, "naweza kuacha kutazama?"