Waliocheka Sura ya Tatu

Wasomaji wa Kisumu wana midomo, usione wameshika vitabu ukadhani ni watu watulivu. Riwaya ya Nelima ilikuwa haijamaliza mwezi dukani na simu yake ilishajaa maoni kuliko simu ya mgombea udiwani. "Msee, nimecheka hadi nikamwaga chai kwa kitanda." "Mbavu sina, hiyo yago imeniua kabisa." Mwalimu mmoja wa Ahero aliandika ujumbe mrefu kwamba kitabu hakitishi hata kidogo, kisha mwishoni akakiri kuwa siku hizi giza likiingia haendi msalani peke yake. Haya, mtu kama huyo utamjibu nini?

Riwaya yenyewe iliitwa Marehemu Yuko Mlangoni. Ilimhusu Sewe, aliyezama ziwani asionekane tena. Jamaa zake wakafanya yale Wajaluo hufanya maji yakikataa kumrudisha mtu: wakachuma yago, lile tunda refu zito la mwegea, wakalitia ndani ya jeneza na kulizika mahali pake ili roho ipate kutulia. Siku ya tatu Sewe anarudi nyumbani, maji yanamchuruzika, anakuta kaburi lina mwenyewe. Tunda limevaa tai yake, linapumua, na kuhama halitaki. Wanashtakiana hadi kwa chifu. Chifu anauliza kati yao nani ana kitambulisho, na mwenye kitambulisho ni tunda, maana wazee walikitia kwenye mfuko wa koti walilolivisha.

Watu walicheka, jamani. Na walichocheka zaidi ni Sura ya Tatu, pale mke wa Sewe anapofunua jeneza mbele ya waombolezaji, anaona tunda limefungwa tai, anaangua kicheko mpaka anabebwa juu juu kama gunia la mchele.

Nelima hakucheka. Sura ya Tatu hakuitunga.

Mumewe alikuwa Opondo, fundi wa injini za boti kule Asembo Bay, na ilikuwa miaka minne tangu boti ipinduke naye. Nelima, Mbukusu wa Bungoma, alicheka kweli kwenye mazishi yake, mbele ya ukoo mzima. Tangu siku hiyo mama mkwe wake, Seline, hakumwambia neno. Simu hakupokea. Salamu alizotumwa Oketch, binamu wa marehemu, zilirudi kama zilivyokwenda. Nelima alitaka kitu kimoja tu duniani, yule mama ajue kwa nini alicheka. Alipoona hawezi kukisema akakiandika, na kalamu nayo ikamgeuka: kila alipoanza kulia kwenye karatasi kikatoka kichekesho. Hata sababu yenyewe hakuitia. Uoga huo! Akamwacha mke wa Sewe acheke hivyo hivyo, kama mwendawazimu.

Sasa Rehma, mwenye duka la vitabu karibu na soko la Kibuye, akawaalika wasomaji Jumamosi mchana waje ghorofani wamwone mwandishi. Walikuja kama ishirini, wakapewa chai na mandazi. Nelima alikuwa anatia sahihi kitabu cha mtu alipoinua macho akamwona Seline anamalizia ngazi, kitambaa cheupe kichwani, Marehemu Yuko Mlangoni kwapani. Mama yule alikuwa mwembamba kuliko alivyomkumbuka. Hakumsalimu mtu. Alivuta kiti cha mwisho karibu na mlango akaketi, na Nelima akaharibu sahihi ya yule msomaji.

Maoni yakaanza. Waliaula, muuza viatu, alisimama wa kwanza. "Mwandishi, umenikosea. Nilisoma hii kitabu hospitali nikingoja kuitwa. Nikacheka, nikacheka, nesi akaja kuuliza nani amenileta na nimekuwa hivi tangu lini."

Ukumbi ukaangua kicheko. Nelima alitazama nyuma. Seline alikuwa ameweka mikono juu ya kitabu, uso hauonyeshi kitu.

Akafuata Hemedi, fundi cherehani, mtu wa kusema lililo moyoni bila kulipunguza. "Kitabu kizuri, dada, sikatai. Lakini yule mke! Hana moyo yule. Nani anacheka kwenye mazishi ya mume wake? Hapo umetia chumvi, mimi sikuamini."

"Kweli!" wengine wakaitikia. "Hapo hata mimi!"

Angeweza kusema ni hadithi tu, wakacheka, wakaongezewa chai, wakaenda zao. Alifungua mdomo aseme hivyo hasa. Lakini Seline alikuwa ameinua uso, na macho yake yalikuwa yanauliza swali lile lile la Hemedi.

"Sikutia chumvi," Nelima akasema. "Ni mimi."

Kicheko cha mtu mmoja kikaanza, kikajifia chenyewe.

"Mume wangu alizama Asembo Bay. Tulikaa ufukweni siku tisa. Siku ya kumi nikasikia watu wanaambiana mazishi ni Ijumaa. Kwetu hatuna yago, mimi hata hilo jina sikuwa nimelisikia. Hakuna aliyenieleza, kila mtu alidhani mwenzake ameshanieleza. Ijumaa nikaona sanduku linashushwa kwa gari. Nikajua wamempata."

Akashika ukingo wa meza.

"Nilifurahi. Mungu anisamehe, nilifurahi! Nikakimbia, nikasema angalau nitamshika mkono. Nikafunua. Nikaona tunda limefungwa tai ya harusi yetu. Kile kicheko sijui kilitoka wapi. Ningeweza kulia ningelia."

Wahenga walisema usilolijua ni usiku wa giza, lakini hawakusema ni nani alipaswa kuwasha taa. Ukoo mzima wenye akili timamu, wazee kwa vijana, na hakuna hata mmoja aliyemshika mjane mgeni mkono akamwambia, mama, ndani ya hili sanduku hayumo.

Seline alisimama. "Hatukukuambia?"

"Hapana, Mama."

"Hata Oketch?"

"Hata Oketch."

"Miaka nne," Seline akasema. Kiswahili chake kilikuwa kile cha kando ya ziwa, kisichojali mapambo. "Miaka nne naambia watu nyar Bungoma, huyu binti ya Bungoma, alicheka mtoto yangu. Mimi nilijua ni yago. Ni mimi nilituma Oketch akate. Nikaiosha na hii mikono. Lakini sanduku ilipofika, nikauliza fundi wa sanduku, miguu yake imeenea? Kwa sababu Opondo alikuwa mrefu. Fundi akaniangalia tu."

Uchungu wa mwana aujuaye ni mzazi, watu husema, na siku hiyo watu ishirini waliokuja kucheka waliuona umesimama mbele yao na kitambaa cheupe kichwani. Hemedi alikuwa anatazama viatu vyake, amejuta kuzaliwa na ulimi.

Mama akaja mwenyewe, akapita katikati ya viti, na Rehma akaondoka upesi kumpisha pale ubavuni mwa mwandishi. Seline akaketi, akafungua kitabu. Ukurasa mmoja ulikuwa umekunjwa pembe.

"Mimi sikucheka," akasema. "Hakuna mahali nilicheka. Lakini hapa, anabisha mlango, anauliza kama kuna chai imebaki, hiyo ni yeye. Ni sauti yake. Nilikuwa naanza kuisahau, nyathina." Nyathina, mwanangu. Nelima hakuwa ameitwa hivyo kwa miaka minne, na machozi yaliyokataa kaburini yakamtoka. "Nikaogopa kuendelea. Nisomee. Aingie kwa nyumba. Akianza kutaka kwenda, nyamaza."

Nelima akasoma. Akasoma Sewe anavyobisha na kusema, Mama, usichukue panga, ni mimi. Akasoma mama yake anavyomgombeza kwa kulowesha sakafu, maiti au si maiti, na kumsukumia kigoda. Sewe akanywa kikombe cha kwanza. Akanywa cha pili, akasifu tangawizi. Mama akamvua shati lenye maji akalitundika karibu na moto. Seline alikuwa amefumba macho na anatikisa kichwa polepole, kama mtu anayesikiliza habari za nyumbani.

Mstari uliofuata Sewe alikuwa anauliza ni saa ngapi. Nelima akafunika ukurasa kwa kiganja.

Wote mle ndani walikuwa wameusoma mwisho. Walikuwa wameubishania wiki nzima kwenye simu, nani aliufunga mlango, kwa nini ziwa lilimwita mara ya pili, kama mama alifanya vizuri kumsindikiza hadi majini.

"Sasa amekaa?" Seline akauliza, macho bado ameyafumba.

Nelima akawatazama waliokuwa kwenye viti.

"Amekaa, Mama," akasema Hemedi.

"Ndiyo, Mama," akasema Waliaula. "Amekaa."