Kamusi Juu ya Begi

Dada alikuja nyumbani na begi moja, mkono wa kushoto umefungwa plasta na kuning'inizwa shingoni kwa kitambaa. Chai ilipoa mezani bila mtu kumuuliza mkono unaumaje. Baba yake, mchungaji, alikuwa ameshamsomea ule mstari wa wake kuwatii waume zao, na ameshampigia mkwewe simu aje kumchukua mkewe.

"Utarudi naye, mwanangu. Neno ni neno."

Mdogo wake Dada, aliyetoka kuhitimu chuo cha theolojia, aliruka kama aliyekalia kaa la moto. "Neno lipi, Baba? Umelitazama kwa Kigiriki?"

"Mgiriki wetu kaamka! Huyu hata chumvi hali mpaka aitafutie asili yake."

Kijana hakucheka. Alileta Agano Jipya la Kigiriki na kamusi nene. Meza ilijaa vikombe, basi kamusi akaitua juu ya begi la dada yake.

"Nionyeshe 'tii' hapa! Kwenye nakala za kale kabisa mstari huu hauna hata kitenzi. Unaegemea ule wa juu yake, unaosema mnyenyekeane. Wote, Baba! Mume na mke!"

"Na mume kuwa kichwa, hilo nalo utalifuta?"

"Kwa Kigiriki ni kephalē, yaani chanzo pia! Ngoja nikuonyeshe."

Wakavutana. Baba alivaa miwani, akavua, akavaa tena. Kurasa zilipekuliwa juu ya nguo za Dada, naye akahisi hasira zikimpanda kama maziwa jikoni. Kwa baba yake alishazoea. Kilichomchoma ni huyu mdogo ambaye yeye alimbeba mgongoni, akamshonea sare za shule kwa cherehani yake mwenyewe. Macho yalimng'aa kijana kama mtu aliye mpirani.

"Haya, umenishinda," baba akasema, akitabasamu kidogo. "Jumapili uwafundishe vijana somo hili."

"Kweli, Baba?"

Dada akalivuta begi. Kamusi ikaanguka sakafuni, puu!

"Umeshinda nini?" akafoka. "Mimi nimevunjwa mkono! Niambie, mdogo wangu: hicho kitenzi kingekuwepo, ungenirudisha?"

Kijana aliitupia jicho kamusi pale sakafuni.

"Hodi!" Mlango uligongwa kwa ngumi. "Nimemfuata mke wangu."

Baba akainuka. Kijana akamtangulia. Aliiruka kamusi pale chini, akauegemea mlango kwa mgongo.

"Dada," akasema, "wewe mwenyewe unasemaje?"

"Sirudi."

"Shemeji, umesikia! Nenda zako!"

Ngumi zikaendelea. Kijana hakusogea. Dada alilinyanyua begi kwa mkono mzima, akaelekea kwenye chumba alicholala enzi za usichana wake. Baba alikuwa amesimama katikati ya njia. Alimtazama bintiye, akautazama ule mkono, kwa mara ya kwanza tangu asubuhi. Kisha akampisha.