Mama Mkwe na Bomba la Mjomba

Mashine ya kupimia ilipoletwa karakanani, mafundi waliibatiza Mama Mkwe, maana kazi yake ilikuwa kutafuta kasoro tu. Hupitisha mwanga wa leza juu ya bomba lililokunjwa, kisha programu yake hulichora kwenye kompyuta: kijani, umepatia; nyekundu, umeharibu. Wiki ya kwanza tu ilimtoa kazini fundi waliyemwita Mjomba. Mabomba yake marefu yote yalionyesha wekundu katikati, na msimamizi akamwambia macho yamechoka, akapumzike nyumbani. Mzee aliyewafundisha nusu ya karakana aliondoka bila kuaga mtu.

Sasa ilikuwa zamu ya mpwa wake, waliyemwita Mama Kona kwa jinsi alivyojua kukunja. Bomba lake lilikuwa juu ya vishikizo viwili, kimoja kila mwisho, na kompyuta ilidai katikati limepinda kuelekea chini kwa milimita tatu. Msimamizi akamsogezea karatasi ya kukiri kosa, atie saini, ahamie upande wa kufungasha mizigo.

"Sisaini," alisema.

Msimamizi akamweleza, kwa upole wa kukera, kwamba mashine haina upendeleo wala haichoki. Mama Kona akatia mikono mifukoni. Akauliza jambo moja tu: bomba likigeuzwa juu chini, kosa si litatazama dari? Msimamizi akakiri kwamba ndivyo.

Akaligeuza. Mwanga ukapita tena. Wekundu ukatokea palepale katikati, na bado ulitazama sakafu.

"Basi kosa hili lina miguu," alisema. "Nimeligeuza, limenizunguka."

Akawaonyesha kwa kidole msimamizi na mafundi waliokusanyika. Bomba jembamba na refu hivyo, ukilishika ncha tu, tumbo linashuka kwa uzito wake lenyewe. Akaongeza kishikizo cha tatu katikati, kimo kilekile, akaomba lipimwe upya. Kijani mwanzo mwisho.

Mtu mmoja nyuma alicheka. Msimamizi akaichana ile karatasi ya kukiri kosa, akasema yaishe, watu warudi kazini. Mama Kona hakurudi. Alikwenda kwenye rundo la vyuma vya kutupwa, akavuta bomba lenye alama ya chaki ya Mjomba, akalipangusa kwa aproni na kulilaza juu ya vishikizo vitatu.

Nalo likawa kijani.

Msimamizi akamwomba Mama Kona, kwa sauti ya chini, amfikishie mzee habari hizo jioni.

"Ulimtoa kwa mdomo wako," Mama Kona alimjibu. "Mrudishe kwa huohuo."

Akamwekea simu kiganjani, tayari inaita. Mzee akapokea, akasema, "Naam, mwanangu," na ikabidi msimamizi ajitaje yeye ni nani.