Maji ya Matofali

Nyakuon, jirani yetu hapa Gurei, anasema aliona kwa macho yake mawili: fundi Isaiah akitoka kwa kiwanja chetu na mfuko wa simiti begani, tena anapiga mluzi. "Harami! Mwizi!" anasema. "Ndiyo maana matofali yenu yanamomonyoka kama mkate wa juzi."

Kila akisimulia, mifuko inaongezeka. Sasa imefika minne.

Mimi nilikuwa hapo kila siku. Sikuona hata mmoja ukitoka.

Kaka yangu Aleer alitafuta fundi wa kumjengea Mama kwa miezi mitatu. Wa kwanza alitaka kuta za mabati. Wa pili alileta tofali la kuchoma, Mama akalikwaruza na kucha, likatoa unga. Isaiah, Mkenya, ndiye aliuliza kwanza, "Mama, mvua ya hapa inapiga kutoka upande gani? Na wewe utalala wapi?" Mama akampenda hapo hapo. Tukakubaliana matofali ya simiti, yafyatuliwe kwetu, tuone kinachowekwa ndani.

Yalipokwisha kufyatuliwa, Isaiah aliniita. "Achok, dada, wewe unaangalia mambo. Yamwagie maji asubuhi na jioni, siku saba. Usiruke hata moja." Akaenda kazi nyingine Nesitu.

Sasa, mimi nilikulia Kakuma, kambini. Kule sisi wenyewe tulifyatua matofali ya udongo, na wingu likitokea tulikimbia kuyafunika, maana tofali likilowa limekwisha. Nikaona huyu amekosea. Ningemuuliza, lakini niliishia darasa la sita, na nimechoka kuwa mtu wa kuuliza. Maji ya pipa nikafulia mapazia. Matofali nikayaacha juani, nikijua nimeyaokoa.

Isaiah aliporudi, Aleer aliinua tofali moja, pembe ikabaki mkononi. Akaangusha lingine kutoka usawa wa goti. Likamwagika.

Isaiah alichuchumaa, akalisugua kwa vidole. "Simiti iko ya kutosha. Haya hayakunywa maji."

"Achok," Aleer akasema, "si uliyamwagia?"

Hapo ndipo nilielewa: simiti hukazwa na maji, si kama udongo. Nikaitikia kwa kichwa.

"Unamsingizia msichana?" Aleer akapaza sauti. "Mwizi wewe!" Nyakuon alikuwa amesimama kwa ua, anasikiliza. Isaiah aliniangalia kidogo tu, akakusanya mwiko wake na pima maji, akaenda.

Wiki tatu sijala vizuri. Leo asubuhi Mama alisema tumtafute fundi mwingine, "lakini asiwe mwizi kama yule." Nikaondoka bila kuaga, nikapanda boda hadi Nesitu.

Nilimkuta anajenga nyumba ya wageni ya madereva wa malori. Nikamwambia yote, mapazia na kila kitu. Hakuacha kazi.

"Mwenye hii nyumba jana aliniuliza," akasema, "kama mimi ndiye yule wa mifuko minne."

Nilitamani ardhi inimeze. Nikasema, "Fundi, twende nyumbani. Nitasema mbele ya Aleer na Mama, na Nyakuon nitamwita mimi mwenyewe asikie. Halafu utujengee. Tafadhali."

Alichota maji kwa kopo, akayamwaga juu ya ukuta wa jana, taratibu, toka pembe hadi pembe. Akarudi kwa pipa, akachota tena. Nilisimama hapo, nikingoja jibu lake.