Meno ya Mbele ya Parapanda

"Hapa ni karo la kuoshea vyombo, si machinjio! Damu mpaka kwenye sufuria yangu!"

"Dada, si nimeshasema nitasafisha?"

"Utasafisha karo. Huo mdomo utausafisha lini?"

Niliposikia hivyo nikamwacha mteja wangu na kichwa nusu kimesukwa, nikatoka. Mimi ni msusi, na ugomvi wa uani ukinipita siku nzima naiona chapwa. Aliyekuwa anafoka ni Fundi, mama wa cherehani wa chumba cha pembeni. Aliyekuwa anafokewa ni mpuliza tarumbeta wa bendi. Tunamwita Parapanda, maana akianza mazoezi asubuhi hata wafu wangeamka.

Alikuwa ameshika mswaki. Akausukuma magegoni huku, magegoni kule, kwa nguvu kama anasugua ukoko. Ya mbele akayaruka.

"Na hayo?" nikamuuliza.

"Haya siyagusi, Msusi. Tarumbeta linakaa hapa. Haya ndiyo kazi yangu."

"Huyagusi tangu lini?"

Akatema, akajifuta. Alisema zamani kila akiyapiga mswaki fizi zilitoa damu, akajua basi, mswaki ndio unaoyalegeza. Akaamua kuyapumzisha. Maji ya chumvi tu, kisha anayafunika na mdomo, kama mtu anayefunika mayai.

"Sasa damu inatoka na mswaki haujafika," Fundi akasema. "Hiyo akili umeiazima wapi, kaka'ngu? Hebu fungua."

Akakataa. Fundi akamshika kidevu kama anavyoshikwa mtoto aliyemeza sarafu. Parapanda akainua mdomo wa juu. Fizi zilikuwa nyekundu, zimevimba, zinang'aa. Akalisukuma jino moja kwa ulimi, nalo likaenda mbele, likarudi. Fundi akasahau habari ya sufuria.

"Jumamosi tunapiga mbele ya mwenye ukumbi," Parapanda akasema polepole. "Akituridhia, tunapata kazi ya kudumu. Kiongozi wa bendi keshasema, atakayemwangusha siku hiyo asirudi. Ana mpulizaji mwingine anamtazamia. Dada zangu, nifanyeje?"

Nikamwomba mteja wangu radhi, akanitukana kidogo, akavaa kilemba. Tukampeleka Parapanda kwa daktari wa meno.

Daktari alikuwa mama mpole, sauti ya chini, lakini mikono yake haikumbembeleza mtu. Alichokonoa, akagonga, akapiga picha, akatuonyesha. Uchafu ulioachwa pale ulikuwa umekauka ukawa ugaga, umeshuka chini ya fizi na kuula mfupa unaoshika jino.

"Fizi ikitoa damu, usiinyime mswaki," alisema. "Mara nyingi inatoa damu kwa sababu husafishi hapo. Ulitakiwa upige taratibu, na uje mapema."

"Nitapiga kuanzia leo. Nitapiga asubuhi, mchana, jioni. Nilindie hili tu."

"Hili halina cha kulishika. Na lina usaha. Haya mengine tukiyasafisha vizuri nawe ukayatunza, yatabaki."

"Gundi hamna?"

Ningecheka, ila alikuwa hatanii. Macho yake yalikuwa yanahama kutoka kwa daktari kuja kwetu, kama tumekubaliana kumficha dawa.

"Basi niache mpaka Jumapili, mama. Nakuomba. Jumapili ng'oa hata yote."

"Uligandamize tarumbeta juu ya usaha? Unaweza kulimeza jino jukwaani, na uso ukavimba usiweze hata kupumua vizuri."

Akalia. Mwanaume mzima, kifua kipana vile, akalia kwenye kiti kilicholala huku taa ikimmulika. Fundi akamshika mguu, ndio uliokuwa karibu. Jino likatoka bila hata kuvutana, na hilo ndilo lililomuumiza zaidi.

Baadaye daktari alichukua mswaki laini na meno ya plastiki akatufundisha: uuinamishe kwenye mpaka wa jino na fizi, uuzungushe kidogo kidogo, nje na ndani, asubuhi na kabla ya kulala, pasipo kutumia nguvu. Dawa ya meno uiteme, usisukutue na kopo zima la maji. Kidonda cha jino usikiguse kwanza. Mimi na Fundi tulitazama kama wanafunzi. Parapanda alikuwa anatazama ukuta.

Njiani simu ikalia. Kiongozi wa bendi. "Nipo," Parapanda akasema na pamba mdomoni. "Jumamosi nipo."

"Unamdanganya nani?" Fundi akamuuliza. Akaitia simu mfukoni.

Daktari alikuwa amemkataza kupuliza. Siku ya pili, kabla ya magharibi, tukamsikia. Kwanza pumzi tupu, fyuu, kama tairi. Kisha sauti moja iliyopasuka. Akarudia, akarudia. Mteja wangu akaanza kucheka, nikamvuta nywele. Fundi aliacha kushona. Tulimsikia akitukana, kisha tukamsikia akipiga simu: "Kiongozi, mtafute yule mwingine. Hapana, si homa. Ni meno."

Fundi akaenda kugonga. "Kaka."

"Sitaki kuonekana."

"Fungua."

Akafungua, kiganja mdomoni, mswaki laini kwenye mkono wa pili. Povu lilikuwa na wekundu kidogo kidevuni. Fizi za mbele alikuwa ameanza kuzigusa.

"Zinatoa damu, dada. Naogopa yatafuata yote."

"Daktari kasema zitatoa siku za mwanzo. Endelea taratibu."

"Na nikiyatunza yote, nitampigia nani tarumbeta? Kazi imeshaenda."

Fundi akamwondolea povu kidevuni kwa upande wa khanga yake.

"Nimekupondea chakula, kimepoa, hakina pilipili," akasema. "Msusi naye yupo. Ingia ule."