Daftari la Penseli

Tobias alikuwa aking'oa pini zenye kutu kwenye karatasi za marehemu Debra Wamucii alipokutana na jina la mama yake.

Lilikuwa katika daftari la mwaka 1989. Debra, aliyeandika habari za densi gazetini na kusimamia mpango wa kupeleka wachezaji ng'ambo, alikuwa ameandika kwa penseli: "Awiti, wa kikundi cha Kangemi. Sijaona miguu kama hii. Huyu lazima aende." Kisha jina lilikatwa kwa wino. Pembeni pakaandikwa: "Waithera."

Tobias alivuta jalada alilolipanga asubuhi, akatafuta makala ya gazeti ya wiki ileile. "Awiti ana bidii," Debra aliwaambia wasomaji wake, "lakini miguu yake ni mizito."

Maneno hayo aliyajua tangu utotoni. Mama yake aliyasema akitoka kufua nguo za watu katika mtaa wa kitajiri wa Mountain View. Aliyasema harusini, akicheka, watu walipomvuta akacheze. "Niacheni. Mimi miguu yangu ni mizito."

Mlango ulifunguliwa. Akaingia Kajal, mkuu wa hifadhi ya nyaraka alikofanya kazi Tobias, pamoja na Waithera mwenyewe, mpwa wa Debra, ambaye ndiye aliyeleta masanduku.

"Hizi daftari za penseli nitarudi nazo," Waithera alisema. "Ni mambo ya familia."

"Hakuna shida," Kajal alijibu. "Tobias, mfungie vizuri."

"Kuna watu wengine humu," Tobias alisema.

"Watu gani?"

Angeweza kumtaja mama yake. Lakini Kajal alikuwa anamtazama, na mkataba wa kazi wa Tobias ulikuwa unaisha mwezi ujao.

"Wachezaji," alisema.

"Wale?" Waithera alitabasamu kwa upole. "Wale walishasahau, kijana wangu."

Tobias aliyafunga madaftari kwa utepe wa pamba, fundo bapa lisiloumiza karatasi, kama alivyofundishwa. Akambebea Waithera hadi kwenye gari.

Jumamosi mchana alikwenda Kangemi. Mama yake alikuwa ameketi kitandani akichambua mboga za managu. Tobias alimweleza yote, na alipofika kwenye maneno ya penseli, vidole vya Awiti vikaacha kuchambua.

"Rudia."

Alirudia.

"Na ni nani alienda?"

"Mpwa wa Debra. Anaitwa Waithera."

"Waithera." Awiti alilitamka polepole. "Huyo alikuwa anakuja kwangu nimuonyeshe hatua. Mwezi mzima, Tobias. Nilikuwa namshika kiuno, hivi. Hiyo daftari iko wapi?"

"Ameenda nayo. Mimi ndiye nilimfungia."

"Ukanyamaza."

"Nilinyamaza, Ma."

Awiti alitazama miguu yake.

"Heri ningekuwa mchezaji mbaya kweli," alisema. "Hiyo nilikuwa nimeizoea."

Aliweka sufuria ya mboga sakafuni.

"Sogeza meza."

Tobias aliisukuma hadi ukutani. Pakabaki nafasi isiyozidi mkeka mmoja. Awiti alivua ndala, akasimama hapo katikati, mkono mmoja ukutani, magoti yamevimba kwa miaka ya kupiga deki. Jirani alikuwa akipasua kuni. Awiti alisikiliza mdundo wa shoka. Kisigino cha kulia kikainuka kidogo, kikatua, kikainuka tena, kikabaki hewani kikingoja shoka lipige tena.